Saidia Fundi wa Mkolani

Ukitoka mjini Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, ukapita Butimba na stendi ya Nyegezi, unafika Mkolani. Ni kata ya wilaya ya Nyamagana ambayo nyumba zake zimepanda mlimani na kujipenyeza katikati ya mawe. Miamba hii ya itale, iliyoipa Mwanza sifa ya kuwa Jiji la Miamba, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipasuka ingali chini ya ardhi, maji yakaila kingo zake polepole mpaka ikaviringika, kisha udongo ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki juu yamepandana.

Kujenga Mkolani ni kujenga na mteremko. Vuli zikianza Oktoba, na tena masika kuanzia Machi, maji hushuka juu ya mwamba usionyonya kitu, na yakifika kwenye udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, yanaubeba. Ndivyo ilivyokuwa nyuma ya bweni la wanaume la chuo kimoja kidogo cha Biblia. Kila mvua kubwa ukingo wa mlima ulimeguka, na tope likapanda ukutani mpaka karibu na madirisha. Ulihitajika ukuta wa mawe wa kuushika mlima.

Chuo chenyewe kina ukumbi mmoja ambao alfajiri ni mahali pa ibada, mchana ni darasa na usiku ni chumba cha kujisomea. Mkuu wake ni mchungaji wa makamo ambaye hakupenda jina lake liandikwe, wala la chuo. Alimtafuta fundi mwashi mzoefu wa kazi za mawe, wakaelewana malipo, wakaandikishana. Kisha akamwambia fundi kwamba nafasi moja ya saidia fundi ataijaza yeye mwenyewe, kuanzia saa nane mchana ofisi ikishafungwa, na Jumamosi kutwa.

Aliyewahi kufika kwenye ujenzi anajua saidia fundi ni nani. Ndiye anayebeba, anayechanganya na anayechota. Fundi akiita maji, analeta maji. Fundi akisema jiwe hilo halifai, analirudisha na kutafuta jingine, hata kama amelibeba kutoka mbali. Hapo kazini mkuu wa chuo hakuwa na cheo kingine. Fundi aliendelea kumwita Mchungaji, kwa heshima, na papo hapo akamwagiza bila kupunguza sauti. Nilivutiwa kuona jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja bila kusumbuana.

Kazi ilianza kwa kupata mawe. Kwenye kiwanja cha chuo kulikuwa na mwamba mkubwa uliokuwa ukiziba njia ya jikoni, na fundi akaamua kuupasua. Walipanga magogo makavu ubavuni mwake na kuyawasha jioni, moto ukaachwa ule mwamba usiku mzima. Joto hulitanua ganda la nje la jiwe huku moyo wake ukibaki baridi, na tofauti hiyo hufungua nyufa zinazokwenda sambamba na uso. Asubuhi fundi alizunguka mwamba akiugonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Penye mlio mkali jiwe lilikuwa bado zima. Penye mlio mzito ganda lilikuwa limeachia. Hapo alichomeka kabari za chuma kwenye ufa, akazigonga moja baada ya nyingine, pigo moja kila kabari, akirudi mwanzo kila alipofika mwisho. Hakuharakisha hata moja. Bamba la jiwe likaachia lenyewe, likalala chini, unene wake kama sentimita 25, uso wake mpya ukimetameta.

Kokoto walinunua. Pembezoni mwa barabara kuna kina mama wanaokaa chini ya vibanda vya magunia wakipasua mawe kwa nyundo, na mmoja wao alileta za kwake kwa toroli mpaka getini. Mkuu alimsalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” wakahesabu ndoo pamoja kwa ndoo ya mama mwenyewe, akamlipa palepale, kabla ya toroli kumwagwa. Kisha akaandika. Baadaye aliniambia kwamba mtu anayepasua kokoto kwa mkono hula siku ileile anayolipwa, kwa hiyo kumwambia apite ofisini kesho ni kumwambia alale njaa. Sijui maofisa wangapi wa malipo wanalijua jambo hilo kwa namna hiyo, kwa kuwa wamesimama getini.

Baada ya mawe, mtaro. Fundi alisimika vigingi na kuvuta kamba kwa urefu wa mita 14, akaacha upana wa sentimita 90 kwa tako la ukuta uliokusudiwa kufika kimo cha mita 1.8. Tako la ukuta wa kushika mlima linatakiwa kuwa pana, karibu nusu ya kimo, kwa sababu mlima haupumziki kusukuma. Walichimba kwa sururu na beleshi mpaka wakagonga mwamba. Wengi wangefurahi hapo na kuanza kujenga. Fundi alishuka mtaroni, akamwaga maji kidogo, akatazama yanakoelekea. Mwamba ulikuwa umeinama kuelekea bondeni, na ukuta uliokalishwa juu ya mwamba ulioinama unaweza kuteleza wote mzima. Basi patasi zikatoka. Kwa siku kadhaa walichonga ngazi fupifupi kwenye ule mwamba, kila ngazi ikilala sawa kwa pimamaji, na kwenye kila ngazi wakatia vishimo vya kuifanya saruji ishike.

Mkuu alichonga sehemu yake amepiga magoti juu ya gunia. Itale haina huruma kwa mgeni. Ukiipiga patasi kwa pembe iliyosimama sana, inaruka na kukurudishia nguvu yako yote kiganjani, na ukiilaza sana, inakwaruza tu. Nilimwona akitafuta pembe ile kwa muda mrefu, akipiga mapigo mepesi, akisogeza ncha ya patasi kwa upana wa punje ya mchele, mpaka kipande kikaruka. Akafuta vumbi kwa kiganja, akaanza kingine. Ngazi aliyoichonga fundi kwa nusu saa, yeye ilimchukua mchana wote, na fundi alipoweka pimamaji juu yake hakusema neno, akasogea mbele kuendelea na yake.

Wazo la mkubwa kushika kazi ya chini halikuanzia Mkolani. Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, aliandika insha mwaka 1970 juu ya kiongozi ambaye kwanza ni mtumishi, na tangu hapo vyuo vingi vya Kikristo vimeufanya uongozi wa utumishi kuwa somo lenye mtihani. Mizizi yake, kwa wanafunzi wa Biblia, iko katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, penye beseni, maji na taulo. Lakini kwetu kanda ya ziwa upo mfano ambao naona unastahili kutajwa zaidi. Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge, alikuja Maseno, karibu na Kisumu, mwaka 1928 kuwa mkuu wa shule. Mwaka 1940 akahamia Alliance, Kikuyu, akaiongoza mpaka 1962, na kuifanya mojawapo ya shule zenye sifa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Alipostaafu angeweza kurudi Uingereza na heshima zake. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida wa darasani mpaka alipofariki mwaka 1966. Alikuwa mtu mkali, na wapo waliosoma kwake ambao hawakukubaliana naye kwa mengi. Hata hivyo, ile hatua ya kushuka kutoka kiti cha mkuu mpaka chaki ya mwalimu wa kawaida hakuna aliyemlazimisha kuichukua.

Nirudi kwenye udongo. Kuchanganya udongo wa kujengea ndiyo kazi kuu ya saidia fundi, nayo ina adabu yake. Mchanga ulichekechwa kwanza kwenye wavu uliopigiliwa fremu ya mbao, majani na vijiwe vikabaki juu. Kipimo kilikuwa karai moja ya saruji kwa karai 4 za mchanga, kila karai ikikatwa juu kwa ubao ili iwe sawasawa na mwenzake. Vikageuzwa vikavu mara tatu, kutoka rundo moja kwenda jingine, mpaka rangi ikawa moja bila mistari. Kisha rundo likafunguliwa katikati, maji yakatiwa kwa kopo kidogo kidogo, na kingo zikaangushwa ndani kwa beleshi. Udongo uliokomaa hukaa juu ya mwiko ukiuinamisha, na ukiupiga mwiko pembeni unashuka wote kwa pamoja. Huchanganywa ule tu utakaokwisha ndani ya saa moja, kwa kuwa saruji ikishaanza kushika, kuiongezea maji ni kuiharibu.

Siku moja mkuu alizidisha maji. Fundi aliutia mwiko, akautazama udongo ukitiririka, akasema, “Mchungaji, huu ni uji. Mwaga.” Mkuu akaomba utumike angalau kusawazisha njia ya choo, fundi akakubali, na mchanganyiko mwingine ukaanza upya kutoka kwenye chekecheo. Jioni nilipopewa nafasi ya kuliona daftari la stoo, kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu, nilikuta mstari wa siku ile. Lina safu za tarehe, mifuko iliyotoka, mifuko mitupu iliyorudi, na urefu wa ukuta uliopanda. Kwenye safu ya maelezo alikuwa ameandika kwamba mchanganyiko mmoja umeharibika, na mbele yake akaandika jina lake mwenyewe.

Daftari hilo lilinifurahisha kama ukuta ulivyonifurahisha. Kila jioni mifuko mitupu ilikung'utwa, ikakunjwa, ikahesabiwa mbele ya fundi na mwanachuo mmoja, na hesabu ikasainiwa na wote watatu. Kwa kuwa mkuu alijua kwa mikono yake mfuko mmoja wa kilo 50 unapandisha ukuta kiasi gani, alipokaa na bodi ya chuo kueleza fedha iliyobaki aliweza kusema kwa hakika mifuko mingapi bado inahitajika, na kwa nini.

Sasa ukuta wenyewe. Fundi alianza na mawe makubwa ya pembeni, akayalaza kwa upande wake bapa, kama yalivyolala mlimani. Kila jiwe la juu lilikalia mawili ya chini, ili maungio yasipangane mstari mmoja kwenda juu, maana hapo ndipo ukuta hufunguka. Kila baada ya mita moja hivi aliweka jiwe refu linalopita kutoka uso wa mbele kuelekea nyuma, la kuufunga ukuta uwe kitu kimoja. Katikati, kati ya mawe ya mbele na ya nyuma, nafasi zilijazwa kwa vipande vilivyochaguliwa kimoja kimoja na kugongewa mahali pake. Mafundi wavivu humwaga udongo mtupu hapo, na kwa nje huwezi kujua. Uso wa ukuta uliegemezwa kidogo kuelekea mlimani, na fundi aliupima kwa timazi iliyoning'inizwa kwenye kipande cha ubao alichokikata mwenyewe kwa mwinamo aliotaka.

Kazi ya saidia fundi hapa ni macho. Mwanzoni mkuu alileta mawe kama yalivyokuja mkononi, na mengi yakarudi. Kisha akaacha kukimbia. Alisimama kwanza juu ya pengo lililokuwa likisubiri, akalipima kwa shubiri, urefu na kina, akaangalia jiwe la kushoto limeinamia wapi. Ndipo alipokwenda kwenye rundo. Huko aliyageuza mawe kwa mguu, polepole, akiyatazama kila upande, akapita juu ya mazuri mengi yasiyolingana na lile pengo, mpaka akapata moja. Alilibeba begani juu ya gunia lililokunjwa, akalishusha karibu na mkono wa kulia wa fundi, upande bapa ukiwa chini tayari. Fundi alilinyanyua bila kutazama, likakaa. Akaligonga mara mbili kwa mpini wa nyundo, udongo ukajitokeza pembeni kwa usawa pande zote, akaukata kwa mwiko. Baada ya muda walikuwa wakifanya kazi kwa saa nzima bila kuambizana lolote, na mtu aliyepita hapo kwa mara ya kwanza asingejua nani kaajiriwa na nani.

Wanachuo, mkuu hakuwaita. Walianza kuja wenyewe, wawili, kisha watano, na fundi akawagawia kazi. Kizazi changu kinaikumbuka Elimu ya Kujitegemea, tamko ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa Machi 1967, likitaka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji, wanafunzi na walimu wakifanya kazi pamoja na wanafunzi wakishirikishwa katika maamuzi. Katika shule nyingi lile neno pamoja lilipotea njiani. Walimu walibaki kivulini na fimbo, jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba. Mkuu wa Mkolani amelifikiria hili. Mlezi wa wanachuo alipopendekeza kijana mmoja aliyetoroka usiku apelekwe kubeba mawe wiki nzima, mkuu alikataa. Adhabu nyingine ilitafutwa. Kijana akija ukutani, alisema, aje kama wengine, kwa sababu mawe haya hakuna anayeyabeba kwa kosa. Naamini kwamba uamuzi huo mdogo ulilinda kazi yote.

Ukuta ulipofika juu ya goti, yakaja matundu ya kutolea maji. Mlima uliolowa unasukuma zaidi kuliko mkavu, na ukuta usio na matundu huishia kushika maji badala ya udongo. Walikata bomba la plastiki kwa msumeno wa chuma, wakalaza vipande kila mita moja na nusu, vikiinamia nje kidogo. Nyuma ya kila mdomo wa bomba zilipaswa kupangwa kokoto kubwa kwanza, kisha za kati, kisha ndogo, ili maji yapite na mchanga ubaki. Kumwaga kwa beleshi kunachanganya saizi, kwa hiyo zinapangwa kwa mkono.

Kazi hiyo mkuu aliiomba. Alilala kifudifudi juu ya ukuta, kichwa na mikono vikiwa kwenye nafasi nyembamba kati ya mawe na mlima, mwanachuo mmoja akimpa kokoto kutoka kwenye ndoo tatu tofauti. Akafunga mdomo wa bomba la kwanza kwa mawe ya ukubwa wa ngumi, akayajaribu kwa kidole kama yanacheza, akayazungushia ya ukubwa wa yai, akamalizia na ndogo. Akasogea mita moja na nusu, akaanza tena. Jua lilimchoma mgongoni. Simu ikaita mfukoni, akaiacha. Alipotoka kwenye bomba la mwisho viwiko vyake vilikuwa vimechubuka, na fundi akaingia kukagua, akatoa kokoto chache sehemu moja na kumwonyesha kwa nini. Mkuu akarudi kulala palepale kuzipanga upya. Siku iliyofuata udongo ulirudishiwa nyuma ya ukuta, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo lenye mpini, na kokoto zile zikafunikwa.

Ukuta ulipofungwa juu, kazi ya jengo ilikuwa imekwisha lakini saruji bado. Saruji haikauki kama nguo. Inakomaa kwa kunywa maji, na ikinyimwa siku za mwanzo inabaki dhaifu. Kwa siku 7 magunia yalitandazwa juu ya ukuta na kuloweshwa asubuhi na jioni. Zamu ya alfajiri, kabla ya kengele ya ibada, alijipangia mkuu. Madumu mawili ya lita 20, kopo la bati, na mwendo wa taratibu kutoka mwanzo wa mita 14 mpaka mwisho, akimwaga pale tu gunia lilipoonekana limepauka.

Vuli ya mwaka ule ilianza kwa mvua ya usiku. Asubuhi matundu yote yalikuwa yakitoa maji, na maji yalikuwa meupe, hayana mchanga. Fundi alikuja kuona, akachuchumaa mbele ya kila tundu akiyakinga kwa kiganja. Kisha wakaenda wote wawili jikoni, kwa kuwa kwenye daftari kulikuwa kumebaki mfuko mmoja na nusu, na mama mpishi alikuwa ameomba zamani kidogo ngazi ya mlango wa nyuma, pale anapotokea na sufuria la ugali. Fundi alipima kimo kwa mpini wa nyundo, akasema ziwe ngazi mbili za chini, si moja ndefu, kwa ajili ya magoti ya mama. Akamchagua mwanachuo wa kushika mwiko safari hii, yeye akisimamia. Mkuu akauliza mchanganyiko uanze saa ngapi, akaenda kuchekecha mchanga.